Somo la Robo Hii: Kiyoyozi cha Gari Hakipozi, Tuanze na Waya Kabla ya Kompresa



Ndugu wanakamati wa parokia na wafadhili wetu, katika mahesabu ya gari yaliyowasilishwa mbele ya kamati kulikuwa na mstari mmoja ulioleta maswali mengi, nao ni ununuzi wa kompresa ya kiyoyozi pamoja na gharama ya kuileta kwa meli kutoka Dar es Salaam hadi bandari ya Mkoani. Baadhi ya wanakamati waliuliza kwa nini kompresa mpya ilinunuliwa ilhali ile ya zamani imekutwa nzima. Wafadhili nao waliuliza swali la msingi zaidi: kwa nini gari la huduma vijijini liwe na kiyoyozi kabisa? Maswali yote mawili ni ya haki. Somo hili limeandaliwa ili kuyajibu, na pia kueleza namna hitilafu za umeme wa kiyoyozi zinavyotafutwa, ili parokia nyingine zenye magari zisirudie kosa letu.

Kwa nini gari la wagonjwa liwe na kiyoyozi

Tuanze na swali la wafadhili. Wengi hudhani kiyoyozi ni starehe ya wakubwa. Hapa Pemba joto ni kali, hilo linajulikana, lakini joto siyo sababu kubwa. Sababu kubwa ni mvua. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, gari huondoka kijijini likiwa na mgonjwa amelala nyuma, ndugu zake watatu au wanne, na nguo zilizolowa. Vioo vinafungwa kwa ajili ya mvua. Baada ya dakika chache pumzi za watu na unyevu wa nguo hufanya ukungu kwenye kioo cha mbele, na dereva anabaki akifuta kwa kitambaa kwa mkono mmoja huku akiteremka vilima vya katikati ya mikarafuu.

Kiyoyozi hakipozi hewa tu, bali huikausha. Hewa inapopita kwenye mabomba baridi yaliyomo ndani ya dashibodi, unyevu wake hugeuka kuwa maji na kudondoka chini ya gari. Ndiyo yale maji ambayo watu huyaona chini ya gari lililoegeshwa wakadhani linavuja. Hewa iliyokauka ikipulizwa kwenye kioo, ukungu huondoka kwa muda mfupi. Dereva wetu aliwahi kusimama mara mbili usiku mmoja kati ya Konde na Wete akiwa na mama mwenye uchungu, si kwa sababu gari liliharibika, ila kwa sababu haoni mbele. Usiku ule kiyoyozi kilikuwa kimekufa wiki ya pili. Mama alifika salama, na mtoto pia. Lakini tangu siku ile kamati ya usafiri haikukiita tena kiyoyozi kuwa ni anasa.

Umeme unavyosafiri

Gari letu ni Land Cruiser ya kawaida, na kiyoyozi chake ni cha mkono, yaani cha vitufe na swichi bila kompyuta kubwa. Mpangilio wake wa umeme unafanana na magari mengi yanayotumika na mashirika nchini kwetu. Kuna njia mbili za kuzifahamu.

Njia ya kwanza ni ya feni iliyo ndani ya dashibodi, ile inayopuliza hewa. Moto hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi na rilei, hufika kwenye mota ya feni, kisha hurudi kupitia kizuizi cha umeme ambacho mafundi hukiita resista, halafu swichi ya kasi, na mwisho kwenye bodi ya gari. Bodi ndiyo waya wa kurudia betri. Swichi ikiwa namba moja, umeme hupita kwenye resista yote na feni huzunguka polepole. Ikiwa namba ya juu kabisa, umeme hauipiti resista, unakwenda moja kwa moja.

Njia ya pili ni ya klachi ya kompresa. Kompresa inazungushwa na mkanda wa injini, lakini puli yake huzunguka bure mpaka sumaku ya klachi ipate umeme na kuibana. Kabla umeme haujaifikia sumaku hiyo lazima masharti kadhaa yatimie: kitufe cha AC kimebonyezwa, feni ya ndani imewashwa, gesi kwenye mabomba haijapungua mno wala presha haijazidi mno, na mabomba ya ndani hayajaanza kuganda barafu. Kila sharti lina swichi au sensa yake. Moja likikataa, klachi haishiki. Kwa hiyo kompresa isiyozunguka haimaanishi kompresa imekufa, na hapa ndipo sisi tulipokosea.

Taa ya majaribio na mita

Fundi wetu wa kwanza alikuwa na mita ya kidijitali tu. Mita ni kifaa kizuri, ila kinaweza kumdanganya asiyekijua. Mita inatumia umeme kidogo sana. Ukiigusisha kwenye waya uliooza mpaka ukabaki unywele mmoja wa shaba, bado itakuonyesha volti 12, kwa sababu unywele huo unatosha kwa mita. Lakini hautoshi kwa sumaku ya klachi inayohitaji ampea tatu hadi nne. Ni sawa na bomba la maji lililoziba. Ukiweka kidole kwenye mdomo wa bomba utahisi presha ipo, lakini ukitaka kujaza ndoo utakesha.

Dawa yake ni taa ya majaribio. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, iunganishe na nyaya mbili, basi una kifaa. Balbu hiyo hula karibu ampea mbili, kwa hiyo inaupa waya kazi ya kweli. Waya mzima utawasha balbu kwa mwanga mweupe, waya mbovu utatoa mwanga mwekundu hafifu au usiwake kabisa. Tahadhari moja: balbu hii isitumike kwenye nyaya za kompyuta ya injini wala kwenye soketi za njano za mifuko ya hewa ya usalama. Kwa nyaya hizo tumia mita peke yake, na za mifuko ya hewa ni bora kutozigusa kabisa.

Kupima kwa mita kuna ufundi wake pia. Usipime waya ukiwa umechomolewa. Acha kila kitu kimeunganishwa na kinafanya kazi, kisha weka ncha moja ya mita kwenye betri na nyingine kwenye mwisho wa waya unaoupima. Kipimo utakachokiona ni volti zinazopotea njiani. Upande wa bodi, ikipotea zaidi ya robo ya volti, kuna kutu au nati iliyolegea. Upande wa moto, kupitia fyuzi na rilei, nusu volti inavumilika. Zaidi ya hapo, fuatilia kituo kwa kituo mpaka uone ni wapi volti zinapoangukia. Zoezi hili huchukua chini ya saa moja na halihitaji kufungua kitu chochote.

Feni ikigoma

Kabla ya kwenda kwenye kompresa, hakikisha feni ya ndani inafanya kazi katika kasi zote. Kama inafanya kazi kwenye namba ya juu tu na nyingine zote hazina kitu, basi resista imekatika. Ni kifaa kidogo kilichochomekwa karibu na mota, mara nyingi chini ya dashibodi upande wa abiria, na bei yake si ya kutisha. Lakini usiibadilishe bila kuuliza kwa nini iliungua. Resista hupozwa na upepo wa feni yenyewe. Feni ikiwa nzito kwa sababu ya vumbi, majani au bushi zilizochakaa, inakula umeme mwingi huku ikitoa upepo kidogo, na resista mpya itaungua kama ile ya kwanza. Zungusha feni kwa kidole. Ikikwama, tatizo liko hapo.

Kama feni haizunguki kabisa, angalia fyuzi kwanza. Fyuzi ikiwa imeungua, weka nyingine ya ampea zilezile. Tumekuta magari ambayo fyuzi imefungwa kwa waya wa shaba au karatasi ya sigara. Hilo ni kukaribisha moto ndani ya gari lenye mgonjwa asiyeweza kukimbia, na kamati ilikataze kwa maandishi.

Ikumbukwe pia kwamba katika magari mengi feni ikifa, klachi ya kompresa nayo hukatwa makusudi. Fundi asiyejua hilo atasema vitu viwili vimeharibika.

Klachi ikigoma

Washa injini, washa feni, bonyeza kitufe cha AC, halafu mtu mmoja asimame mbele boneti ikiwa wazi, mbali na mkanda. Klachi ikishika utasikia mlio mmoja mkavu na uso wa puli utaanza kuzunguka. Usiposikia, weka balbu kwenye waya unaoingia kwenye klachi.

Kama balbu inawaka vizuri na klachi haishiki, sumaku imekatika au uwazi wake umekuwa mkubwa kwa kuchakaa. Zima injini, chomoa soketi, upime sumaku kwa mita. Ikiwa nzima na imepoa, kwa kawaida husoma omu tatu hadi tano. Ikisoma kama waya uliokatika, imekufa. Na hata ikifa, mara nyingi sumaku hubadilishwa yenyewe bila kununua kompresa nzima.

Kama balbu haiwaki, rudi nyuma: rilei, fyuzi, swichi ya presha, sensa ya barafu, kitufe chenyewe. Rilei ni rahisi kuijaribu kwa sababu mara nyingi kuna nyingine ya aina hiyohiyo kwenye kisanduku, ya honi kwa mfano. Zibadilishane nafasi uone.

Swichi ya presha inahitaji maneno zaidi. Gesi ya R134a, inayotumika katika magari mengi tuliyonayo, ikiwa kwenye mfumo uliozimwa na hewa ni nyuzijoto 30, huonyesha takriban bar 6 na nusu hadi 7. Ikivuja mpaka chini ya takriban bar 2, swichi hukata umeme wa klachi. Vilevile hukata presha ikipanda zaidi ya bar 30, kama vile feni ya mbele ikifa au kondensa ikiziba matope. Fundi anayetafuta hitilafu anaweza kuiruka swichi hii kwa kipande cha waya kwa sekunde chache ili kuona kama klachi itashika. Hiyo inakubalika. Isiyokubalika ni kuacha kipande hicho cha waya humo na kumrudishia mteja gari linalopoza. Mafuta ya kulainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikiisha, mafuta hayafiki, na kompresa itajisaga yenyewe mpaka vumbi la chuma liingie katika mabomba yote. Hapo ndipo gharama inakuwa ya kweli.

Aidha, kuongeza gesi kila baada ya miezi mitatu si matengenezo. Gesi haitumiki ikaisha kama dizeli. Ikipungua, kuna tundu. Kilo moja ya R134a ikiachiwa hewani huongeza joto la dunia mara zaidi ya elfu moja kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa, na ndiyo maana mataifa yalikubaliana mjini Kigali mwaka 2016 kupunguza matumizi ya gesi za jamii hiyo. Sisi tunaoishi kisiwani, ambako bahari inakula fukwe, hatuna sababu ya kuichezea.

Yaliyotupata

Sasa turudi kwenye ule mstari wa mahesabu. Hitilafu yetu ilikuwa na tabia moja: asubuhi kiyoyozi kilipoza, ikifika mchana kilipuliza hewa ya moto, na jioni baada ya gari kupumzika kilipoza tena. Gereji ya kwanza ilipima volti kwenye waya wa klachi ukiwa umechomolewa, ikaona 12, ikasema umeme upo, kwa hiyo kompresa imekufa. Sisi katika kamati hatukuuliza swali hata moja. Tulikubali, tukaagiza, tukasubiri meli.

Kompresa mpya ilifungwa na ikafanya kazi. Tukashukuru. Siku ya nne ikaanza mchezo uleule.

Dereva wetu, ambaye ni Mwislamu kama walivyo wakazi wengi wa kisiwa hiki, alitupeleka kwa fundi umeme mmoja mzee pale Wete anayemfahamu kutoka msikitini. Nilimwamkia, nikamweleza habari yote pamoja na bei ya kompresa. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua balbu yenye nyaya mbili kutoka kwenye kopo la maziwa, akaniambia, "Mwalimu, huyu hakuwa mgonjwa. Alikuwa na njaa."

Aliacha gari liungurume mchana ule mpaka likapata joto na klachi ikaachia. Kisha akapima kama tulivyoeleza hapo juu, bila kuchomoa. Kwenye betri kulikuwa na volti karibu 14. Kwenye klachi zilikuwa 8 tu. Volti karibu sita zilikuwa zinapotea njiani. Akafuatilia waya kwa mkono kutoka kwenye klachi kuelekea mbele, akafika kwenye soketi iliyo karibu na rejeta, mahali ambapo maji ya barabarani hurukia. Plastiki yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi kwa joto. Alipoifungua, ndani kulikuwa na unga wa kijani. Gari letu huegeshwa mara kwa mara karibu na gati, Wesha na Mkoani, likisubiri mizigo na wageni, na hewa ya chumvi ilikuwa imefanya kazi yake taratibu.

Nilimuuliza kwa nini basi asubuhi kilifanya kazi, na kwa nini kompresa mpya ilikubali siku tatu. Maelezo yake ndiyo yaliyonishawishi kuandika somo hili. Waya wa shaba ukipata joto, ukinzani wake huongezeka. Sumaku iliyosoma omu tatu na nusu asubuhi, mchana mbele ya injini ya moto inaweza kufika nne na nusu au zaidi, kwa hiyo umeme unaopita unapungua. Waya ukiwa mzima, upungufu huo hauna madhara. Waya ukiwa umeoza, sumaku iliyokuwa inashika kwa shida asubuhi haiwezi tena kushika mchana. Ama kuhusu kompresa mpya, ilikuja na klachi mpya ambayo uwazi wake ni mdogo, haufiki milimita moja, na klachi ya namna hiyo hushika hata kwa umeme dhaifu. Siku tatu zile soketi iliendelea kuoza na kuungua, mpaka klachi mpya nayo ikashindwa.

Alikata soketi ile, akaweka nyingine, akaunganisha kwa risasi, akapaka grisi na kuifungia juu zaidi mbali na maji. Kazi yote ilimalizika kabla ya adhana ya alasiri. Malipo yake hayakufika hata nauli tuliyolipia ile kompresa kwenye meli, na alikataa kuongezewa.

Magari yenye kiyoyozi cha otomatiki

Parokia kadhaa sasa zina magari madogo yaliyotumika Japani, yenye kiyoyozi kinachojirekebisha chenyewe. Hapa sitasema mengi. Kanuni za klachi na feni ni zilezile, ila zinaamriwa na kompyuta inayosoma sensa za joto. Katika magari mengi ya Toyota ya aina hii, ukibonyeza kwa pamoja kitufe cha AUTO na kile cha kuzungusha hewa ya ndani, huku ukifungua swichi ya injini, taa zitapepesa na kioo kitaonyesha namba za hitilafu. Namba 11 ni sensa ya joto la ndani, 12 ni ya joto la nje, 13 ni ya mabomba baridi, na 00 maana yake hakuna hitilafu. Namba 21 ni sensa ya jua, lakini itatokea pia gari likiwa ndani ya banda au chini ya mwembe, kwa sababu sensa hiyo haioni jua. Toeni gari nje kwanza kabla ya kuagiza sensa. Sensa ya ndani nzima husoma takriban omu 1,700 kwenye nyuzijoto 25, na kipimo hushuka joto likipanda.

Utaratibu wa kamati

Kuanzia robo hii kamati ya usafiri haitaidhinisha kununua kompresa, mota wala kompyuta ya kiyoyozi mpaka fomu ya gari iwe na vipimo vinne vilivyoandikwa na fundi: volti kwenye betri injini ikiwaka, volti kwenye klachi ikiwa imeunganishwa na gari lina moto, ukinzani wa sumaku, na presha ya gesi gari likiwa limezimwa. Dereva naye ataandika kwenye daftari saa ambayo hitilafu ilitokea na hali ya hewa, maana ni neno lake la "asubuhi kinapoza, mchana hakipozi" lililokuwa na jibu tangu mwanzo na hakuna aliyelisikiliza. Soketi zote za mbele za gari zitafunguliwa, kusafishwa na kupakwa grisi mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli.

Kompresa ya zamani imezibwa midomo yake, imefungwa kwenye nailoni na kuwekwa stoo ya parokia. Parokia yenye gari la aina hiyo ambayo vipimo vyake vinne vitaonyesha kwamba kompresa yake kweli imekufa, na iwasiliane na ofisi kabla ya kuagiza nyingine.